Kimondo Kikikatiza Juu ya Mombasa: Kwa Nini Kila Mtu Hudhani Kimeangukia Mtaa wa Pili

Mtu aliyekaa barazani Kibokoni akiona moto wa kijani ukikata mbingu na kuzama nyuma ya ghorofa upande wa bara, atasema kimeanguka Changamwe. Aliye Changamwe, aliyeuona moto ule ule, atasema ni Mazeras. Wa Mazeras ataapa ni Mariakani. Ukiwafuata hivyo mmoja mmoja utajikuta Voi, na ukifika Voi utaonyeshwa milima ya Taita.

Hakuna aliyesema uongo. Jicho hukadiria umbali wa kitu kwa kulinganisha na ukubwa wake unaojulikana: gari, mtu, mnazi. Mpira wa moto usiku hauna ukubwa unaojulikana, kwa hiyo akili huuweka palipo karibu, nyuma ya paa ulikopotelea. Ukweli ni kwamba kimondo huanza kuwaka kikiwa kilomita 100 hivi juu ya ardhi, na hata kile kikubwa kinachoshuka chini sana huzimika kikiwa kwenye kimo cha kilomita 20 hadi 40. Ndege ya abiria hupaa kilomita 11 tu.

Pima mwenyewe. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, funga jicho moja. Upana wa ngumi ni digrii 10 hivi. Kimondo kilicho kilomita 90 na kitu juu ya Nairobi, kikitazamwa kutoka Mombasa, huonekana ngumi moja juu ya upeo wa macho. Kikizimika kilomita 30 juu ya Kilimanjaro, Mombasa kitaonekana nusu ngumi, yaani pale pale penye mapaa na minazi. Anayekimbia na pikipiki kukitafuta Miritini amekosea kwa zaidi ya kilomita 250.

Kikionekana upande wa mashariki, hesabu ni fupi zaidi. Huko ni Bahari Hindi, na kama kuna jiwe lililosalia, limekwenda na maji.

Kinachowaka ni nini

Kwanza majina, maana huchanganywa sana. Mzee wa pwani akisema shetani kapigwa, anazungumzia kimondo: mwanga unaopita kwa sekunde chache ukaisha. Nyotamkia ni jambo jingine kabisa. Hiyo hukaa mbinguni kwa majuma, ikihama kidogo kidogo kila usiku, na huwezi kuiona ikikimbia. Nao wanafalaki hutenga kimondo cha moto na vimondo vya kawaida kwa mwangaza wake: chochote kinachoipita Zuhura kwa kung'aa. Vingine huupita mwezi mpevu, na vivuli vya minara vikazunguka ardhini kwa sekunde mbili tatu.

Kimondo cha kawaida hutokana na chembe isiyozidi punje ya mchanga. Cha moto huhitaji kitu kikubwa zaidi, kuanzia kokoto hadi jiwe la kujaa kiganja, na vile vya kutisha huwa mawe ya tani. Ukubwa huo hauonekani kueleza moto wote ule, mpaka ukumbuke kasi. Vimondo huingia angahewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Kwa kasi ya 20, Mombasa hadi Nairobi ni sekunde 22, safari inayoichukua treni ya SGR saa tano na ushei. Jiwe la kilo moja likija kwa kasi hiyo limebeba nishati ya malori 20 ya kontena, kila lori tani 40, yakiteremka Mazeras kwa kilomita 80 kwa saa. Nishati yote hiyo humwagwa katika sekunde tatu nne.

Wengi tumefundishwa kwamba jiwe huwaka kwa msuguano na hewa. Msuguano upo, lakini kazi kubwa hufanywa na mgandamizo. Hewa iliyo mbele ya jiwe haipati nafasi ya kupisha, hubanwa, na hewa iliyobanwa ghafla hupata moto. Aliyejaza upepo tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyochemka mdomoni, na pale kasi ni ya mkono wa mtu. Mbele ya kimondo joto hufika maelfu ya digrii. Ngozi ya jiwe huyeyuka na kugeuka mvuke, mvuke ukang'aa pamoja na hewa yenyewe. Unachokiona ni gesi hiyo, iliyotanda upana mkubwa kuliko jiwe mara nyingi.

Rangi hutoka humo humo. Kijani huweza kuwa magnesi au nikeli ya jiwe, au oksijeni ya juu kabisa iliyopigwa na kimondo cha kasi. Sodiamu hutoa manjano ya machungwa, kama taa za barabarani za zamani. Kalsi huelekea zambarau. Wekundu mara nyingi ni wa hewa. Usitegemee rangi peke yake kusema jiwe ni la aina gani, maana rangi zote hizo huweza kutokea katika kimondo kimoja, na jicho la usiku ni shahidi dhaifu wa rangi.

Kuna jambo moja watu hulikosa kwa sababu ya kupiga kelele na kutafuta simu. Moto ukishazima, mara nyingine hubaki mstari hafifu kama moshi wa ubani. Usiondoe macho. Upepo wa huko juu hukimbia huku na kule kwa tabaka, kwa hiyo mstari uliokuwa umenyooka utaanza kupinda, ukajikunja kama nyoka, na unaweza kudumu dakika kadhaa.

Mshindo hufika baadaye

Sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Basi kimondo kilichopasuka kilomita 50 kutoka ulipo, mshindo wake hukufikia baada ya dakika mbili na nusu, wakati watu wameshaanza kurudi ndani. Ndiyo maana wengi husema hakikutoa sauti: hawakungoja. Ukiona kimondo kikali, anza kuhesabu sekunde papo hapo na uendelee kusikiliza kwa dakika kumi nzima. Ukipata mshindo, gawanya sekunde zako kwa tatu, na umepata umbali kwa kilomita. Mshindo kama mzinga wa mbali au ngurumo isiyo na wingu ni habari kubwa, kwa kuwa maana yake kimeshuka chini sana na pengine vipande vimesalia.

Kungoja huko kufanyike mbali na vioo. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la upana wa mita 20 hivi lilipasuka kilomita 30 juu ya Chelyabinsk, Urusi. Mwanga uliwavuta watu madirishani, na wimbi la mshindo likaja dakika moja na zaidi baadaye likavunja vioo wakiwa wamesimama hapo hapo. Walioumia walikuwa 1,500 hivi, wengi wao kwa vigae vya madirisha. Hakuna aliyeangukiwa na jiwe.

Kisha kuna wale wanaosema walisikia mchakacho, kama mafuta ya mahamri yakichemka, wakati ule ule wa mwanga. Zamani waliambiwa wamejidanganya. Sasa maelezo yanayokubalika zaidi, yaliyopendekezwa 2017, ni kwamba mwanga mkali unaopepesa haraka hupasha joto majani makavu, nywele au nguo zilizo karibu na masikio, navyo hutikisa hewa kidogo. Sauti hiyo basi hutoka karibu na wewe, si kwenye kimondo. Makuti makavu yangefaa sana kwa kazi hiyo.

Kabla hujakiita kimondo

Kilindini ni bandari, na bandari ina fataki za dhiki. Fataki ya mwavuli inayorushwa na chombo chenye matatizo hupanda mita 300 au zaidi, kisha hushuka polepole ikiwaka nyekundu kwa sekunde 40. Kimondo hakipandi, hakining'inii, na mara nyingi hakifikishi sekunde 10. Ukiona taa nyekundu inaelea juu ya bahari kwa nusu dakika, hilo ni ombi la msaada. Piga 999 au 112, sema umeiona upande gani na saa ngapi. Mombasa ndiko kuliko kituo cha kuratibu uokoaji baharini cha ukanda huu, na taarifa kama hiyo ndiyo kazi yake.

Ndege inayoelekea kutua uwanja wa Moi, ikiwa inakuja moja kwa moja upande wako, huonekana nyota kubwa isiyosogea kwa dakika nzima kabla ya kugeuka. Hiyo hujifichua yenyewe ukisubiri. Safu ya taa nyingi kama shanga, zikifuatana kimya kwa mwendo mmoja, ni satelaiti za Starlink zilizorushwa siku chache zilizopita.

Kigumu kutofautisha ni mabaki ya roketi yanaporudi. Hayo nayo huwaka na kuvunjika vipande. Tofauti iko kwenye mwendo: huingia kwa kilomita 8 hivi kwa sekunde, karibu sambamba na ardhi, na huchukua nusu dakika hadi dakika mbili kuvuka mbingu, yakiacha msururu wa vipande vinavyofuatana kama msafara. Ukipata muda wa kumwita mtu aliye ndani aje aone, na akakuta bado, huenda si jiwe la angani. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni sehemu ya roketi. Kitu cha namna hiyo hakiguswi. Matangi ya roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu kali. Wazuie watoto, mwite chifu au polisi, na mwachie wataalamu.

Dakika tano za kwanza

Ushahidi wa kimondo huharibika upesi kuliko samaki juani. Kila unapohadithia, njia yake hunyooka, hurefuka na kusogea karibu. Kwa hiyo kabla ya kuhadithia, pima.

Usitoke pale uliposimama. Weka alama ya mguu kwa chaki, kandambili, chochote. Kisha tafuta vitu viwili visivyohama vilivyokuwa karibu na mwanzo na mwisho wa njia: ukingo wa mnara, nguzo ya umeme, pembe ya paa. Mawingu na mashua havifai. Piga picha ya vitu hivyo ukiwa umesimama kwenye alama yako.

Sasa upande. Dira ya simu hudanganywa na mabati, nondo na magari, na mjini vyote hivyo vimekuzunguka. Mombasa tuna dira bora. Maka iko longitudo 39.8 mashariki na Mombasa 39.7, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini halisi kwa tofauti isiyofika digrii moja. Ndiyo sababu pwani kibla na kaskazini vimezoeleka kuwa kitu kimoja. Ukiujua msikiti uliojengwa kwa kibla sahihi, unajua kaskazini bila kifaa. Elekea huko, kisha hesabu ngumi kwenda kulia au kushoto mpaka kwenye alama zako. Ngumi tisa kulia ni mashariki.

Kimo nacho ni kwa ngumi, kutoka upeo wa macho kwenda juu. Shubiri iliyotanuliwa vizuri kwa mkono ulionyooshwa ni digrii 20 na kitu, vidole vitatu vya kati ni 5, kidole cha mwisho ni 1. Kosa linalojirudia ni kusema kilikuwa utosini wakati kilikuwa nusu tu ya njia. Shingo huchoka mapema, na digrii 50 huhisiwa kama juu kabisa. Ndiyo maana ngumi zihesabiwe, zisikisiwe.

Muda andika mara moja kutoka kwenye simu, dakika na sekunde, na hapa ndipo taarifa nyingi za kwetu huharibika. Saa tatu usiku andika 21:00. Fomu ya kutolea taarifa ikitaka saa ya dunia (UTC), toa saa tatu: 18:00. Kimondo cha saa saba usiku, yaani 01:00, kwa saa ya dunia ni 22:00 ya tarehe iliyotangulia. Kisha kuna usiku wenyewe. Kwetu usiku hutangulia mchana: usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza jua la Alhamisi likichwa, ilhali mwingine akisema Ijumaa usiku huwa na maana yake nyingine. Andika tarehe kwa namba, utasalimika.

Faida ya yote haya huonekana wanapopatikana mashahidi wawili walio mbali. Chukua mfano. Mtu wa Mombasa amepima mwisho wa kimondo: ngumi mbili juu ya upeo, upande wa magharibi kaskazini-magharibi. Mtu wa Voi amekiona kikizimika utosini kwake. Kati ya Mombasa na Voi kwa mstari ulionyooka ni kilomita 143. Zidisha kwa 0.364, ambayo ni tanjenti ya digrii 20, upate 52, ongeza moja na nusu kwa sababu dunia ni mviringo. Kimezimika kilomita 53 au 54 juu ya Voi. Mshindo, kama upo, Voi utafika baada ya dakika tatu hivi, Mombasa karibu dakika nane. Shahidi mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kupata jibu hilo. Wawili wa Mombasa waliosimama pamoja nao hawawezi, kwa kuwa wameona kitu kile kile kutoka pembe ile ile.

Taarifa hupelekwa kwa fomu ya mtandaoni ya International Meteor Organization, bila malipo. Kifupi chake ni IMO, sawasawa na lile shirika la meli ambalo kila mtu wa bandarini analijua, kwa hiyo angalia umeingia pale penye vimondo.

Usihangaike na simu kimondo kikiwa bado kinapita. Sekunde nne hazitoshi kuifungua, na utakosa vyote viwili. Video iliyo bora zaidi kwa kawaida huwa tayari imeshachukuliwa na kamera ya ulinzi ya duka, ya kituo cha petroli au ya lango la ghorofa. Mwombe mwenye kamera mapema, maana kifaa hufuta za zamani diski ikijaa. Saa ya vifaa hivyo mara nyingi haiko sawa: weka simu yenye sekunde kando ya skrini ya kamera, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili, na tofauti itajulikana daima. Kamera isisogezwe, kwani mwelekeo wake ndio utakaopimwa baadaye. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama video, isije ikaminywa ikabaki ukungu.

Jiwe likipatikana

Kimondo kikizimika, kilichosalia huanza kuanguka gizani kama jiwe jingine lolote, kwa dakika kadhaa, kikipeperushwa na upepo kilomita nyingi. Kasi yote ya angani imeisha, imebaki kilomita mia mbili au tatu kwa saa. Ngozi iliyoyeyuka imeshachubuliwa na kupoa, na ndani kulikuwa baridi tangu mwanzo. Hakiunguzi makuti wala hakichimbi shimo la kumeza ng'ombe. Pale Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, kijiwe cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba kikampiga mtoto kichwani bila kumdhuru. Hata Kimondo cha Mbozi nchini Tanzania, chuma cha tani 16 hivi, kilikutwa bila shimo la kuonekana.

Jiwe jipya huwa na gamba jeusi jembamba kama rangi iliyopakwa, ndani likiwa la kijivu. Ni zito kwa umbo lake, na sumaku hulivuta. Halina matundu. Mwisho huo ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu mavi ya chuma kutoka viwandani nayo ni meusi, mazito, na mengine hushika sumaku, lakini yamejaa vitundu kama mkate wa mofa. Usilijaribu kwa sumaku kali, inafuta kumbukumbu ya sumaku iliyomo. Lipige picha lilipo, sarafu ikiwa kando kwa kipimo, andika mahali kwa ramani ya simu, lichukue kwa karatasi ya aluminiamu bila kulishika kwa mkono wenye jasho, na usilioshe. Hewa ya chumvi ya Mombasa huliozesha kwa kutu, kwa hiyo liweke kwenye chombo kikavu mpaka lifike idara ya jiolojia ya chuo kikuu.

Kutafuta kwa mpangilio huzaa. Oktoba 2008 jiwe la mita 4 liligunduliwa likiwa bado angani, saa 19 hivi kabla ya kupasuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Dkt. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens wakawapanga wanafunzi mstari mmoja, wakatembea jangwa hatua kwa hatua. Yalipatikana mawe 600 hivi, jumla kilo 10 na kitu. Kenya nayo ilipokea yake Thika tarehe 16 Julai 2011.

Anayetaka kukiona kwa kukusudia akae macho usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba, kaskazi ikianza kusafisha mbingu. Vimondo vya Geminids hutoka upande wa kundi la nyota la Jauza, unaochomoza Mombasa saa mbili na nusu hivi usiku na kufika ngumi tano juu ya kibla ikishapita saa nane usiku. Vya kundi la nyota la Thauri, mapema Novemba, ni vichache na vya mwendo wa taratibu, ila hujulikana kwa kutoa vya moto; adui yao ni mawingu ya vuli. Vya Agosti vinavyosifiwa sana Ulaya hapa hukaa chini kaskazini, si vya kutegemea. Toka Nyali na kisiwani, nenda Takaungu, Msambweni au Shimoni, ulale chali, simu izimwe kwa dakika 20 macho yazoee giza. Karabai za wavuvi ziache nyuma ya kichwa.